Saa ya Tanuri

Naelijwa wa chuo kikuu amekodi masikio yangu:
elfu kumi na tano kwa alfajiri moja,
chai ya chupa, na kofia ya sufu
kwa ajili ya mbeho ya Kiboriani.
"Wanasema unawajua ndege, Ndahani."
Hakuuliza nimewajulia wapi.

Tumekaa juu ya gogo. Saa kumi na moja kasoro.
Mpwapwa iko chini yetu, taa chache,
makaa yaliyosahauliwa jivuni.
Ana kalamu ya risasi iliyofungwa kwa uzi,
kinasa sauti kidogo kama kiberiti,
na fomu yenye mistari ishirini na minne.

Wa kwanza, kirukanjia:
anashona gunia la usiku,
trrr, anakata uzi, trrr.
Ananitazama. Naandika? Andika.

Kisha ukimya ambao si ukimya,
umande unaodondoka jani hadi jani,
halafu kurumbiza,
amejimwaga wote kwa pumzi moja
kama mtu aliyeshikilia habari njema tangu jana.

Andika kurumbiza.
Mimi nilimwita Toboa.
Akianza yeye, moshi mweupe umepungua uzito,
nami natoboa tundu la pili, upande wa upepo.
Shorewanda, huyu wa mbukwa, mbukwa, mbukwenyi,
asiyechoka kusalimia wasiomwitikia,
alikuwa Ziba.
Na kulukulu alikuwa Fukua:
akikohoa mara tatu kule bondeni
moshi umegeuka buluu, mwembamba,
na mti umekwisha kuwa mkaa.

Miaka tisa sikuwa na saa.
Nilikuwa na tanuri, na jembe, na wao.
Mchoma mkaa hulala na sikio moja:
udongo ukipasuka gizani, moto hutoka nje,
na kazi ya mwezi ni majivu, na deni ni deni.
Sikio lile moja ndilo lililokwenda shule.

Naelijwa anaandika, anaandika.
Msitu sasa unachemka, sauti juu ya sauti,
chozi, ninga, kigong'ota na nyundo yake,
siwezi kuwatenganisha haraka hivyo,
nashika mkono wake: ngoja, ngoja, huyo ni yule yule.

Mstari wa kumi na saba.
"Huyu orodha ya zamani inamtaja hapa."
Anabonyeza kinasa.
Noti mbili. Ya chini, kisha ya juu,
na ya juu haiishi, inaachwa hewani
kama swali la mtoto.

Chai ikanimwagikia gotini.

Huyo alikuwa Bado.
Alilia kabla ya wote, juu ya mgama mmoja,
pale panapochirizika maji.
Akilia yeye hapakuwa na la kufanya.
Moto bado. Usiku bado. Lala, Ndahani.
Ndiye pekee aliyenipa ruhusa.

Mgama ule niliukata mwaka wa ada ya Wendo.
Magunia thelathini na moja.
Wendo ni muuguzi sasa, Kongwa, ana sare nyeupe,
na sitasema najuta, maana nitakuwa mwongo,
na sitasema sijuti.
Siku mbili alilia kutoka ukingoni.
Ya tatu, mbali.
Tangu hapo huamka saa tisa, nakodoa macho,
hakuna wa kuniambia nirudi usingizini.

Anabonyeza tena. Noti mbili.
Tunasubiri.
Shorewanda anaendelea na salamu zake.
Anabonyeza tena.

"Niandike sifuri?"
Nikanyoosha mkono, akanipa kalamu,
uzi ukavutika, fomu ikainama.
Vidole hivi vina weusi usiotoka kwa sabuni.
Nikaandika, polepole, herufi nne:
bado.

Akasoma. Akafungua mdomo, akaufunga,
akageuza karatasi.
Juu yetu hondohondo wawili walikuwa wanavuka,
mbawa zao zikipumua kwa nguvu, mivukuto,
kana kwamba kuna moto mahali fulani
unaohitaji kuamshwa.