Kiraka

Saa moja asubuhi, mjini Viseu,
Adérito Quintela anavua suruali
mbele ya mwanamke asiye mkewe.
Daktari Leonilde ana kalamu ya zambarau;
anachora mshale juu ya goti la kushoto
ili kisu kisipotee njia.

Miaka arobaini na mmoja ametandika mawe
barabarani: meupe ya chokaa, meusi ya basalti,
nyundo mkono wa kuume,
magoti juu ya gunia lililokunjwa mara mbili.
Amechora mawimbi, nyota, dira ya pepo nne
mbele ya benki ambayo siku hizi ni duka la viatu.
Watu hupita juu ya kazi yake
wakitazama simu.

Gegedu liliisha kimya kimya,
kama sabuni kwenye kisahani.
Kwanza ngazi. Halafu kushuka basi.
Halafu usiku, mfupa kwa mfupa,
kinu kinasaga na nafaka hamna.
Felisbela alimchua kwa kafuri,
akamwashia Mtakatifu Amaro mshumaa,
"na asiposikia," akasema, "twende hospitali.
Yeye hatanuna."

Daktari aliinua eksirei penye mwanga.
"Tazama. Upande wa nje ni mzima, kano nzima.
Chumba cha ndani tu ndicho kimebomoka.
Sina sababu ya kubadilisha goti lote."
Adérito alicheka, mara ya kwanza tangu Pasaka.
Nani wa kumfundisha yeye habari za viraka?
Mzizi ukiinua mawe kumi na mawili
huchimbui mtaa. Unang'oa kumi na mawili,
unasawazisha mchanga, unagonga,
unaondoka kabla ya chakula cha mchana.

Ila jambo moja hakumwambia daktari:
kiraka huonekana.
Mawe mapya huwa meupe mno,
na yale ya zamani pembeni
huendelea kulegea.

Sasa ganzi imeshika. Miguu si yake.
Nyuma ya pazia la kijani anasikia
kitu ambacho hakuna aliyemwonya: nyundo.

Tok. Tok tok.

Anaijua sauti hiyo.
Jiwe lililokaa hutoa sauti nene;
lisilokaa hulia kama kikombe.
"Bado," anasema.
Mikono inasimama. "Bado nini, bwana Quintela?"
"Halijakaa. Ongeza moja."
Muuguzi anakohoa ndani ya barakoa.

Tok.

"Sasa."

Jioni, fremu ya bati, hatua nne hadi dirishani,
jasho, tusi moja, kisha radhi kwa muuguzi.
Goti limevimba kama boga, lina joto la mkate.
Atatembea, wamesema. Atapanda ngazi.
Kupiga magoti, hilo atajaribu mwenyewe,
juu ya godoro kwanza, na asiahidiwe kitu.

Chini, kwenye maegesho, kuna shimo dogo.
Jiwe moja limetoka,
limelala kando kifudifudi.
Felisbela anaona anavyolitazama.
"Hata usithubutu," anasema,
na kuvuta pazia.