Nyumba ya Nguzo Moja

Jumamosi, soko la Körmend. Meza yangu iko kati ya muuza asali
na mama wa viazi.
Nina kisu, kioo cha kukuzia, muhuri wa manispaa
na ndoo yenye kifuniko.
Watu huniletea vikapu kama wanafunzi waletavyo madaftari,
wakitabasamu kabla sijauliza.

Leo kaja Vendel Csordás, koti la harusi, viatu vya matope.
Miaka arobaini kikapu alikileta mkewe, Etelka,
naye akisubiri nje na baiskeli mbili.
Sasa baiskeli ni moja.

"Ni ule wa kijani," asema, "aliokuwa akiupika kwa krimu na pilipili ya unga."

Nahesabu: sita.
Wa kwanza nauvunja shina: pu! kama chaki ya mwalimu.
Ndio wenyewe. Wa pili, chaki. Wa tatu, chaki.
Wa nne unakataa.
Wapinda, wachanika nyuzinyuzi kama kamba iliyolowa.

Nageuza kofia.
Matamvua meupe, meupe yasiyo na habari ya mtu.
Shingoni sketi nyembamba imelegea.
Na chini? Hakuna chini.

"Ulikata kwa kisu?"
"Kwa kisu, safi, kama nilivyomwona akifanya."

Basi ushahidi umebaki udongoni, chini ya mwaloni.

Nilitaka kumtegea kitendawili:
nyumba yangu haina mlango;
nyumba yangu ina nguzo moja.
Mtoto atajibu la kwanza yai, la pili uyoga.
Huu ni majibu yote mawili.
Huanza yai, hupasua ganda, husimama,
na ganda hubaki mguuni kama soksi iliyoteremka.
Asiyechimba haioni soksi.

"Lakini konokono kaula, tazama tundu."
Ini la konokono si lako, Bwana Vendel.
"Kijiko cha fedha kisipobadilika rangi?"
Kijiko kitang'aa. Kitang'aa hata matangani.
"Ni mchungu?"
Mtamu. Waliopona husema ulikuwa mtamu.

Usiku unalala vizuri. Alfajiri tumbo linakupindua.
Kisha unapata nafuu, unaomba chai, unamtania muuguzi,
na hiyo ndiyo siku ya kuogopa.
Yapo maneno yakatayo maini.
Huu hausemi neno.

Namwaga kikapu kizima ndooni, hata wale wa chaki,
maana wamelaliana njia nzima.
Hanizuii. Amekamata mpini wa kikapu kitupu
kwa mikono miwili.

Keshanipa mgongo anaposema:
"Nilichuma saba."

Kisu kinaniponyoka.
"Nani kaula?"

"Hakuna. Nilimpelekea Etelka, jana jioni.
Yeye ndiye aliyekuwa akikagua kwanza. Kabla yako."

Saa saba mchana nafunga meza, napanda kilima cha makaburi
nikihema, muhuri ukigonga ndani ya mfuko.

Jiwe jeusi. Jina. Tarehe mbili.
Uyoga umelala ubavu juu yake.
Huu hakuukata: aliung'oa mzima, kama mtu ang'oavyo ua,
na mguuni kifuko kimechanika,
kinamwaga udongo wa msituni juu ya herufi.

Nauinua kwa leso.
Chini yake matamvua yamedondosha unga usiku kucha:
nusu duara, nyeupe,
mstari kwa mstari,
mwandiko wa mtu asiye na haraka.

Uyoga nimeutia mfukoni, nimefunga fundo.
Unga nimeuacha.
Kesho Jumapili Vendel huja na ndoo ya maji na kitambaa.
Asome kwanza,
ndipo afute.