Fomu ya Ruzuku

Bwana shamba amefika Isongole na futi kamba:
"Shamba ekari ngapi, Mama Subilaga?"
Kabla ya Aprili, nikamuuliza, au leo?

Robo ekari iliteremka usiku mmoja
na viazi vyake, na jembe nililolisahau mtaroni.
Imelala kwa Ambokile, bondeni.
Keshaipanda maharage.

Ruzuku ya dharura, anasoma:
elfu mbili kwa kila mita ya tuta,
majani ya gwatemala bure,
ukishachimba ndipo ulipwe.

Nimechimba, vidole vya miguu vimeng'ang'ania mteremko.

Jioni Ambokile kapanda na jembe langu.
Hatukusemezana.
Mpini una udongo uliokauka, mweusi, wa kwangu;
nikaukung'utia tutani.

Mita ya kwanza hiyo, nikamwambia bwana shamba.
Andika.