Inchi ya Kwanza

Wamefika Jinja na malori mawili ya taa
na nyaya nene zilizolala barabara nzima kama chatu walioshiba.
Wameupaka ukumbi wa mji rangi ya zamani
ili Jinja ifanane na Jinja.
Wanatengeneza filamu ya mwaka sitini na tisa.
Mimi wameniita kwa sababu ya sindano yangu
na kwa sababu, nadhani, bado sijafa.

Binti anayeigiza Perusi Kagoya ni mwembamba.
Wamemfunga sponji kwenye nyonga.
Nilicheka mpaka nikaomba kiti:
nyonga zilezile tulizoambiwa ni aibu
leo zinanunuliwa dukani kwa mita.

Ngoja niseme ilivyokuwa.
Kiwanda cha nguo kilitaka malkia wa pamba.
Fomu ikaja imepigwa chapa,
kifua, kiuno, nyonga,
kama oda ya magunia.
Wasichana kumi na mmoja walipita mbele ya futikamba yangu
kule Walukuba, chumba namba tisa,
mlango nimeuzuia kwa cherehani.
Kumi waliniomba: dada, punguza.
Nikapunguza. Kalamu nayo haina mfupa.
Perusi, aliyekuwa akiunga nyuzi zamu ya usiku,
akasema: andika arobaini na moja,
na uandike vizuri, wasije wakasoma thelathini.

Majaji walikuwa watatu, suruali tatu.
Meneja, Mzungu, alikaa katikati,
daftari juu ya tumbo kama juu ya meza.
"Geuka," akasema. Wakageuka.
"Tena."
Perusi hakugeuka mara ya pili.
Alishuka ngazi kwa viatu vya kuazima,
akaichomoa futikamba shingoni mwangu,
akamzungushia meneja palepale alipokaa,
akasoma kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na mitambo:
Inchi arobaini na nne!
Wanawake wa zamu ya usiku, kule nyuma,
wakapiga vigelegele hadi balbu ikapasuka.
Hapana. Balbu ilipasuka baadaye.
Nisitie chumvi.

Taji alipewa Dolores Pinto, binti wa karani Mgoa.
Tulisema ni rangi. Tulisema kwa sauti, asikie.
Nilimkuta nyuma ya pazia akichomoa pini za nywele
moja, moja,
akaniuliza kama mimi pia naamini hivyo.
Nilijifanya nina sindano mdomoni.

Miaka mitatu baadaye kwao wakapewa siku tisini.
Alikuja usiku na ule utepe wa ushindi,
akasema, mshonee mtoto kitu.
Na mwaka huohuo askari walisimama sokoni
na rula ya mbao,
wakipima sketi za wanawake, goti hadi pindo.
Perusi alirudi bila viatu.
Hakusema, nami sikuuliza.
Siku hiyo hapakuwa na kigelegele.

Katika filamu Perusi anashinda.
Mwongozaji, kijana mpole wa Kampala,
aliniuliza kama jambo hilo litaniudhi.
Nikamwambia, Dolores naye alikuwa na mdomo,
mpe walau sentensi moja.
Akaandika kiganjani. Sijui kama amenawa.

Kisha akaomba futikamba yenyewe, ile ya usiku ule.
Nimempa. Ameishika kwa vidole viwili
kama kitu cha msikitini.
Sikumwambia kwamba inchi ya kwanza haipo,
ililiwa na panya wa Walukuba hata kabla ya shindano;
kwamba mimi nilizoea kutoa moja kwa kila mtu,
na Perusi hakujua.

Meneja alikuwa arobaini na tatu.

Nimenyamaza zaidi ya miaka hamsini.
Wasichana wale wote walipimwa wakapunjwa,
wakapimwa tena.
Inchi hiyo moja
wacha abaki nayo.