Daftari la Gombóc

Kwenye hati anaitwa Mwanamfalme Ottokar wa Kilima cha Fedha,
jina refu kuliko mkia, na mkia wenyewe ni kifundo tu.
Nyumbani ni Gombóc, donge la unga,
maana siku ya kwanza aliketi katikati ya zulia
akatulia pale, kama kitu kilichosahauliwa kuokwa.

Forinti laki nne na nusu.
Nilizihesabu mezani kwa Bwana Szilveszter kule Eger,
noti za zamu za usiku, zinanuka hamira bado.
Akanipa mbwa kwa mkono mmoja
na kwa mwingine bahasha yenye muhuri.

Niliisoma ndani ya treni mpaka Miskolc.
Baba: bingwa. Babu: bingwa mara mbili.
Bibi, mama wa bibi, vizazi vitano vya mabuldogi wenye pua bapa,
kila mmoja na tarehe yake na rangi yake.
Kwenye cheti changu mimi, mahali pa baba,
karani wa nyumba ya watoto alipiga mstari.
Mstari mfupi, kwa rula.
Basi cheka ukitaka:
nilinunua ukoo, kwa kuwa ulikuwa unauzwa.

Januari. Chanjo, elfu kumi na nane.
Chakula cha tumbo laini, mfuko mmoja,
bei ya buti nilizokuwa nimezikusudia.
Februari, mafuta ya mikunjo ya uso.
Ndiyo, uso una mikunjo, mikunjo ina ukurutu,
na ukurutu una daktari wake peke yake.
Machi, sikio.
Aprili, sikio la pili, lilione wivu lile la kwanza.
Mei sikuandika kitu. Mei nilikula mkate wa jana.

Watu wa bima walijibu kwa barua ya adabu:
kuzaliwa na pua fupi si ajali.

Jirani yangu Kornélia anafuga koko aliyemwokota stendi,
hula maganda ya viazi, ana miaka kumi na sita,
na daktari hamjui hata kwa sura.
“Rahisi huvunja upishi,” akaniambia ngazini,
“lakini huyu wako wa ghali amevunja na chungu.”
Nikamjibu bura yangu sibadili na rehani,
nikapanda juu, nikalia kidogo kwenye sinki.

Julai, kituo cha tramu, jua la saa saba.
Alianguka ubavu, ulimi rangi ya zambarau.
Kijana asiyenijua alimmwagia maji yake yote ya chupa
akakataa kulipwa. Hilo nalo nimeliandika: sifuri.

Daktari Barta alichora koo kwenye karatasi.
Kaakaa refu mno, matundu ya pua kama ya sindano.
“Wamemwoza binamu kwa binamu,” alisema,
“ili sura isipotee.”
Usiku ule niliifungua bahasha upya.
Babu yule bingwa yuko upande wa baba,
yuko na upande wa mama,
na chini kabisa, kwa herufi ndogo, yupo tena.
Ukoo mrefu, watu wachache.
Nikautazama mstari wangu wa rula
kwa jicho jingine kidogo.

Upasuaji, laki tatu na themanini.
Niliuza baiskeli. Nikaomba na zamu za Jumapili.

Sasa amelala miguuni pangu, koo limeshonwa,
na kwa mara ya kwanza ndani ya miaka miwili hakoromi.
Kukoroma kule nilikulaani, nilijiziba masikio kwa pamba,
niligonga ukuta kana kwamba ni yeye.
Kimya hiki nimekilipia, risiti ninayo,
kimya safi kisicho na mkwaruzo,
na siwezi kulala ndani yake.
Nanyoosha mkono gizani
kupapasa kama pua ina mvuke.
Ina.
Saa kumi alfajiri hamira inaningoja.
Nanyoosha tena.