Mkanda-Unga

Saa tisa usiku, Hexham,
kengele ya abasia inahesabu na hakuna anayeisikiliza
isipokuwa bibi yangu, Avis Thirlwell, viwiko ndani ya beseni.
Nje theluji imelala juu ya magari.
Sukuma, kunja, geuza, piga.
Sukuma, kunja,
mpaka donge liwe laini kama ndewe.
Miaka thelathini na minne, likizo za Krismasi ukizitoa.

Asubuhi, upande wa dukani,
mke wa mwenye bekari alivua glavu kidole kwa kidole.
Huyo ndiye aliyeitwa ledi.
Wanaume walimgusia kofia.
Bibi alimpisha kwa kujibana ukutani,
asije akaacha unga kwenye koti la watu.

Hakuna aliyemwambia. Nani angemwambia,
na neno lenyewe lilishasahau kwao?

Mimi nililikuta maktabani, Durham, Alhamisi ya mvua,
nikitafuta kitu kingine kabisa.
Lilizaliwa jikoni. Zaidi ya miaka elfu,
nyumba ya miti na udongo, moshi usiojua pa kutokea.
Hlaf, mkate. Dige, mwenye kukanda.
Basi, ni hilo tu: mwanamke na donge lake.
Mumewe aliitwa mlinda-mkate,
na huyo naye akaja kuwa lodi, mwenye misitu na kiti bungeni.
Waliosalia, mchunga nguruwe, kijakazi, kijana wa plau,
waliitwa kwa jina moja, wala-mkate.

Kisha neno likanawa mikono.
Siku gani, vitabu havisemi.
Nadhani yule mama alipata msichana wa kumkandia,
akasimama karibu kumwelekeza,
halafu akakaa,
halafu akahamia chumba kingine.
Herufi zikamdondoka kama makombo:
h ikatangulia, f ikafuata,
g ikayeyuka bila kuliliwa.
Likavaa hariri, likakaa upande juu ya farasi,
likapanda madhabahuni likawa Mama wa Mungu,
likampa jina hata yule mdudu mwekundu mwenye madoa.
Na kilichopanda hushuka:
likaishia mlango wa choo cha stesheni, peni moja kuingia,
na kwenye mdomo wa dereva wa teksi mwenye haraka,
"Hebu sogea, ledi!"

Nikampigia simu. Nililia kidogo, najua, ni upuuzi.
Nikamwambia, Bibi, ni wewe. Wakati wote ule ni wewe.
Kimya. Nikasikia redio yake, bei za kondoo.
Kisha akacheka, kile kicheko chenye kikohozi
alichoachiwa na vumbi la unga.
"Kwa hiyo yule na glavu zake," akasema,
"hakuwahi kushika hata hamira."
Hapana, Bibi.
"Na wale wala-mkate?"
Watumishi.
"Basi nilikuwa vyote viwili, na mshahara mmoja."
Akaniuliza kama nina soksi za kutosha.

Sikumwona akibadilika. Bado anaita duka la nguo
"kule kwa mabibi wakubwa",
bado anajibana ukutani watu wakipita.
Vifundo vyake vimevimba; siku hizi mkate wake
ni wa kununua, wa slesi, kwenye plastiki,
naye huubonyeza kwa kidole gumba na kuguna.

Ila mwezi uliopita, kwa daktari wa meno,
msichana wa mapokezi alinyoosha kalamu:
"Anayefuata ni huyu ledi hapa."
Bibi hakuinuka mara moja.
Aliigeuza mikono yake, kiganja, mgongo, kiganja,
akakagua chini ya kucha,
kama mtu aliyeambiwa ana unga
na asiyekumbuka ameupata wapi.