Wino wa Kijani

Masanduku waliyaleta kwenye ukumbi wa barafu,
palepale watoto wa Vidmark huteleza Jumamosi;
wakatandika mbao juu ya barafu, meza juu ya mbao,
na baridi ikatupanda nyayoni kama deni la zamani.

Kura tatu.
Tatu tu kati ya elfu moja mia sita na saba
ndizo zilizomtenga Orest Hnatiuk na kiti cha meya.
Alikaa pale, kofia magotini,
hamtazami Bettina Friesen, wala Bettina hamtazami,
ingawa ni trekta lake Orest lililomvuta mama huyu mtaroni
theluji ya kwanza ilipoanguka.

Jaji Thorvaldson akavua miwani, akaivaa.
Lakiri zikakatwa. Hapakuwa na haraka:
karatasi moja, macho manne, kisha sita.

Hii, mkasi uko nje ya duara. Nia yaonekana: yapita.
Hii ina doa la kahawa. Yapita.
Hii mtu kachora moyo.
Mawakili walibishana dakika kumi na nne
kama moyo ni alama.
“Moyo umo ndani ya duara,” akasema jaji. Yapita.

Tofauti ikawa mbili. Ikawa nne. Ikawa moja.
Nje theluji nayo ilijihesabu, haina wakala.

Saa tisa alasiri nikaifunua hiyo.
Wino wa kijani, mkia wa herufi umepinda kushoto.
Miaka ishirini nimeuona kwenye mitungi ya jamu:
Thora Bjarnason, jirani yangu,
aliyepiga kura ya mapema, tukamzika Jumanne.
Alama safi, katikati ya duara la Orest.
Na pembeni, Th. B.,
maana karatasi isiyo na jina, alizoea kusema,
ni ya mwoga.

Ingepita, wangetoka sare,
na sare kwetu huamuliwa na vijikaratasi viwili ndani ya kofia.
Lakini kura inayomtaja mwenyewe imeharibika;
siri ni siri, hata ya asiyeihitaji tena.

Niliiinua juu. Mkono haukutikisika.
“Imekataliwa,” akasema jaji, polepole.
Naye aliwahi kuila ile jamu.

Mlangoni Orest aliniuliza ile ya kijani ni ya nani.
Nikamwambia, imeharibika.
Akavaa kofia.

Stoo kwangu imebaki mitungi miwili.
Kibandiko chasema: plamu, Agosti, Th. B.